Madirisha ya Mkwe Wangu

Nilikuwa naoga, sabuni imejaa machoni, nikasikia mtu anakohoa juu ya kichwa changu. Si nje ya ua, si nyuma ya ukuta. Juu. Nikajimwagia maji usoni, nikafumbua macho. Kwenye jengo la jirani, juu ya jamvi la zege la ghorofa ya pili, alisimama fundi ameshika nondo, anatazama mawinguni kwa bidii ya mtu anayejua alikuwa anatazama wapi. Nyuma yake mwanamume mwingine aliyeshika michoro aligeuka haraka akanipa mgongo. Mgongo ule niliujua. Alikuwa mwenye jengo, mume wa binti yangu wa pekee.

Bafu langu halina paa, kama mabafu mengi ya uani hapa Nyahanga, mjini Kahama. Ni mabati kuzunguka na sakafu ya zege, na ukioga mchana jua linakukausha mgongo kabla hujaifikia khanga. Kwetu Wasukuma, mkwe wa kiume hamkazii macho mama mkwe wake. Hali chakula naye pamoja. Wakikutana njiani yeye ndiye anayeacha njia, hata kama itabidi aingie kwenye mtama wa watu, asubiri mama apite. Kumpita ubavuni ni aibu ambayo ukoo mzima utaibeba. Sasa huyu wangu alikuwa anapanga madirisha juu ya bafu langu.

Nisingeumia hivyo kama asingejua mila. Anazijua. Miaka ya nyuma waliishi Kanada, yeye akiwa fundi wa mitambo ya kuchimbia, na binti yangu alipojifungua nilikwenda Calgary kumuuguza uzazi. Walikaa juu sana, kwenye ghorofa la vioo. Kila nilipochungulia nje niliona kreni zimeinamia mashimo, na mahali ambapo wiki iliyopita palikuwa na nyumba ya mbao yenye bustani, ghorofa jingine limeanza kupanda. Mji mzima ulikuwa unarefuka mbele ya macho yangu. Lakini humo ndani, kwenye nyumba finyu, kijana yule alinitunzia heshima kuliko wengi waliobaki Shinyanga. Aligonga ukuta kabla ya kutoka chumbani. Tukikutana kwenye lifti aliniacha nishuke na binti yangu, yeye akasubiri nyingine, majirani wakimshangaa. Niliporudi nilimsifu kwa kila mtu aliyekuwa tayari kunisikiliza.

Ila kuna jambo alilojifunza kule nami sikuling'amua. Ng'ambo ya barabara, kwenye ghorofa lililotazamana na letu, mwanamke mmoja alikaa dirishani kila asubuhi akichana nywele, hana nguo ya maana mwilini. Siku moja nilimpungia mkono. Akavuta pazia. Nilisikitika, nikamwambia binti yangu kwamba watu wa pale wanaishi uso kwa uso na hawajuliani hali. Mkwe wangu akajibu kutoka jikoni, kupitia kwa mkewe kama inavyopasa: "Mwambie mama, hiyo ndiyo raha ya huku. Madirisha yote haya, na hakuna anayekutazama."

Wakarudi nyumbani na hilo wazo lake. Nilipohamishiwa Kahama kufundisha, kitu kirefu kuliko vyote mjini kilikuwa mnara wa simu. Siku hizi kila mwenye duka la vipuri, na kila mwenye shemeji aliyeokota jiwe zuri la dhahabu Geita, anajenga ghorofa. Mengine yamekaa miaka na nondo zimechomoza juu, yanasubiri jiwe jingine. Mkwe wangu alipata kazi za kuhudumia migodi, akanunua kiwanja cha jirani yangu ili ajenge hoteli, kisha akataka na changu kiwe maegesho ya magari. Nikakataa. Nyumba hii niliijenga kwa mshahara wa ualimu na mchele niliouza sokoni, na mwanamke aliyejenga mwenyewe haambiwi ahame.

Ndipo madirisha yalipokuja upande wangu, kila sakafu, makubwa, ya vioo. Nilimtuma binti yangu aombe yawekwe upande wa barabara. Akarudi ameinamisha kichwa.

"Anasema, mama, kule Calgary watu wanaishi hivyo na hakuna anayekufa."

"Hapa ni Calgary?"

"Anasema pia kama unaona kero, uza. Atakujengea nyumba nzuri Tinde."

Nilikwenda ofisi ya mtaa. Mwenyekiti alinipokea vizuri, akanionyesha kwamba kibali cha jengo kimekamilika. Nikamuuliza kibali kinasemaje kuhusu ukwe. Akacheka, akadhani natania.

Nikaanza kuishi kama mwizi nyumbani kwangu. Nilioga alfajiri kabla mafundi hawajaja. Nilihamishia jiko ndani, moshi ukaniumiza kifua. Nikianika mpunga kwenye turubai nilijifunga khanga mpaka kichwani kwenye jua kali, kwa sababu sikujua nani yuko dirishani, na ningeinua macho ningeweza kukutana na ya kwake. Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia kijana niliyempa binti yangu, na chuki ile ilinipa nguvu kuliko uji wa asubuhi. Baada ya lile neno la "uza" niliacha kulia, nikaanza kulichunguza jengo lake.

Nikaona kosa. Kwa uroho wa kutumia kila futi alijenga kutoka mpaka hadi mpaka, akabakiza mlango mmoja tu, wa mbele, juu ya ngazi fupi. Hakuna wa nyuma, hakuna wa ubavuni. Mla cha mwenziwe na chake huliwa.

Siku ya uzinduzi kulikuwa na maturubai, muziki, pilau kwenye masufuria makubwa, na utepe mwekundu mlangoni. Walikuja wafanyabiashara wa mjini, wanunuzi wa dhahabu, na lori zima la wajomba zake kutoka Ushetu, wakulima wa tumbaku, wale wale walioniletea ng'ombe wa mahari. Mimi nilivaa kitenge changu kipya, nikabeba kigoda, nikapanda ngazi, nikakiweka mbele ya mlango, pembeni kidogo ya utepe. Nikakaa.

Mshereheshaji alinijia akitabasamu. "Bibi shikamoo. Tunaomba utupishe kidogo, mwenye jengo akate utepe."

"Marahaba. Sijamzuia mtu, mwanangu. Mlango huo hapo, mpana. Apite."

Mkwe wangu alisimama chini ya ngazi, suti mpya, mkasi mkononi. Akanitazama viatu. Akatazama mlango. Ili akate utepe ilibidi anipite ubavuni, kitenge changu kiguse suti yake, mbele ya ukoo wake wote. Mfanyabiashara mmoja mgeni wa mambo yetu akamwambia, "Nenda bwana, kwani bibi anang'ata?" Akainua mguu mmoja. Mjomba wake mkubwa akauliza, taratibu, lakini muziki ulikuwa umezimwa na kila mtu alisikia:

"Mayu, mama wa mkeo, yuko pale. Wewe unakwenda wapi?"

Mguu ukarudi chini. Siwezi kueleza utamu nilioupata. Jasho lilimtoka mpaka kola ikalowa, na mimi nikakunja kitenge changu vizuri magotini kama mtu aliyekuja kupunga upepo. Wageni wakaanza kunong'onezana, kisha kucheka, na hawakuwa wakinicheka mimi. Mjomba akapanda mpaka ngazi ya katikati, akasimama hapo, akaniuliza ninataka nini.

"Madirisha ya upande wangu yazibwe. Yote."

Mkwe akatuma jibu kwamba anaahidi mbele ya wazee kuyaziba baadaye. Nikasema ahadi sioni inavyozuia macho, mimi naona tofali. Mafundi walikuwa miongoni mwa waalikwa, na bloku zilizobaki zilikuwa zimerundikwa kando ya barabara. Wakavua mashati ya sherehe, wakakoroga saruji. Wao hawakuwa wakwe zangu, wakanipita wakiinama chini ya utepe, wakipanda na kushuka na karai zao. Wageni walikula pilau nje. Mwenye jengo alisimama juani na mkasi wake mchana kutwa, na kila nilipomwona anahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, moyo wangu ulicheza.

Jua lilikuwa limeinama fundi mkuu alipotoka nje akanijia. Sakafu zote zimekwisha, akasema, limebaki dirisha moja la juu kabisa, kwenye nyumba watakayohamia wenyewe.

"Binti yako amekaa ndani yake, mayu. Hataki kutoka. Anasema chumba kile alikichagua yeye, ili akiamka aone uani kwenu. Anaomba umwachie hilo tu."

Niliinuka, nikazunguka mpaka kwangu, nikatazama juu. Alikuwa kweli amekaa, mikono magotini, ananitazama. Nyuma ya bega lake niliona pia, kwa mawazo, suti ya mumewe, kesho na keshokutwa, na pazia ambalo halitafungwa. Nikamwambia fundi aliyekuwa amenifuata: "Ziba."

Siku hizi naoga mchana kweupe, namwaga maji ovyo, naimba. Vyumba vya upande wangu vina giza kiasi kwamba wageni hawavitaki, vimegeuzwa stoo ya magodoro, nami nikikumbuka hilo nalala usingizi mzuri. Mkwe wangu akiniona mbali anaacha njia. Sijuti.

Binti yangu huja Jumapili. Anazunguka barabarani, anasimama getini, anapiga hodi, anasubiri mpaka niitikie. Anakaa sebuleni kwenye kiti cha wageni, anauliza habari za afya yangu, anakunywa chai nusu kikombe. Juzi nilimwambia tutoke uani tupepete mchele kama zamani, kwa kuwa sasa hakuna anayetuona.

"Asante mama," akasema, akachukua mkoba wake. "Nilikuja kukusalimia tu."