Kahawa Bila Wimbo

Mtaa mzima mjini Jimma ulimwita muuza kahawa mama tu, na Gemechu mshona viatu hakuwahi kumuuliza jina. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda mbele ya mama huyo, akimsikiliza akiimba kabla ya kunywa. Mikono ya mama yenye makovu ya moto ilikaanga buni, ikaimimina kinuni, na mchi ulipoanza kutwanga, naye aliimba kwa sauti nzito iliyokwaruza kidogo mwishoni. Lakini tangu mama amzike binti yake, alitwanga bila wimbo.

Leo Gemechu alionja, akakunja uso, akatia sukari kijiko cha tatu. “Mama, umetutwangia mwarobaini nini?”

Mama akakichukua kikombe cha Gemechu, akaonja, akakirudisha taratibu. “Buni ni ileile, mwanangu. Sukari yenu ilikuwa kooni mwangu.”

Akaushika mchi tena. Akafungua kinywa aimbe, sauti haikuja. Mchi ukatwanga peke yake.

Gemechu aliinamisha kichwa. Akaisukuma sukari kando, akaomba kikombe kingine, akakinywa kichungu vilevile, mpaka tope la chini.