Mistari Myekundu ya Kwaya Yetu

Niseme mapema ili mnicheke mara moja tu: ile picha iliyotundikwa kwenye chumba cha mazoezi ya kwaya pale usharikani kwetu Lushoto, ya kichwa kilichojaa mistari myekundu, ni kazi ya mikono yangu, na ni uongo mtupu.

Nasomea uzamili Dar, mambo ya ubongo (mama hachoki kulitangaza hilo gulioni), na utafiti wangu haukuwa mgumu kueleza: unamvika mtu kofia ya nyaya inayopima umeme wa ubongo, unatazama sehemu zipi zinawasiliana, kisha unalinganisha wanakwaya na wasioimba. Tofauti utakazoziona ni nyingi, na nyingine ni bahati tu, kwa hiyo unazichekecha kama maharage, vumbi lipite chini na maharage yabaki juu, na kila tofauti inayobaki unaichora mstari mwekundu kwenye picha ya kichwa. Ukibana mno matundu, hata vumbi linabaki, na mjinga ataliita maharage.

Mimi nilipochekecha kwa haki hakikubaki kitu, hata mstari mmoja. Na Profesa, mama mpole anayenisimamia, alikuwa anapanda milima kuja kunisikia nikiwapa washiriki majibu yao, ndipo aamue kama nikabidhi tasnifu au nirudie mwaka. Mtu mwenye akili angesema hakuna tofauti iliyoonekana, karibuni chai. Mimi msomi nikabana matundu kidogo, kwa ajili ya picha tu, nikabana tena kidogo, mpaka mistari ikatoka kama upele upande wa wanakwaya, nikaenda kuichapisha Tanga na kuitia fremu kabisa.

Ukumbi ulijaa. Mama Shemndolwa, kiongozi wa kwaya, alipoiona picha alitoa machozi, akasema miaka yote mume wake anamwambia mazoezi ni kupoteza muda, leo ajionee mwenyewe. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa mbele (nilimpima kama mmoja wa wasioimba, na kwa kutoimba hana mpinzani Lushoto nzima), ametazama chini.

Hapo ningenyamaza ningekuwa salama. Lakini Profesa akauliza nimejuaje kwamba si bahati, nami, sikio la kufa, nikajibu kwa sauti ya mhubiri kwamba ni rahisi sana, tuchanganye majina ovyo, wengine wanaoimba waitwe wasioimba na wasioimba waitwe wanakwaya, na mistari yote itatoweka mbele ya macho yenu. Sikuwahi kujaribu. Nilikuwa nimesoma tu kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa.

Nikabonyeza kompyuta iliyokuwa ikimulika kichwa kile ukutani, na mistari ikaja, mingi kuliko ile ya kwanza. Nikacheka kidogo, nikasema mashine imepata baridi (mnaujua Julai wetu), nikachanganya upya, ikaja tena, safari hii sehemu nyingine kabisa za kichwa. Jasho likanitoka katikati ya ukungu. Mzee Shemndolwa akasimama taratibu.

"Mwanangu, hapo mimi niko upande gani?"

"Wa kwaya, mzee."

"Basi kumbe naimba."

Watu walicheka mpaka mchungaji akatoka nje. Nilitamani ardhi ipasuke initeremshe moja kwa moja hadi Magoma, kule chini ya milima.

Profesa hakucheka. Alisubiri nimalizie chai yangu, kisha akaniuliza, "Chekeche ulilichagua kabla ya kuona maharage, au baada?"

Nikasema baada. Akatikisa kichwa, akaniambia tutaonana mwakani.

Jumapili iliyofuata nikaenda kuomba picha yangu, ambayo kwaya ilikwisha kuitundika chumbani kwao. Nilimwamkia Mama Shemndolwa, nikamweleza yote, vumbi, matundu, aibu yangu, naye akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Kofia ulinivika mimi, mwanangu," akasema. "Kichwa ni changu. Picha haitoki."

Kwa hiyo bado ipo. Nimeapa kwamba kuanzia sasa chekeche nitalichagua kwanza, na likibaki tupu nitaonyesha utupu wake bila haya. Kiapo kizuri, ila kimechelewa, kwa sababu sasa inanibidi nihudhurie mazoezi kila wiki kupima watu upya, na Mzee Shemndolwa, tangu mashine yangu imthibitishe, amejiunga na kwaya. Anasimama chini kabisa ya ile picha, anaimba kwa nguvu zake zote, na hakuna mtu mwenye ujasiri wa kumwambia anyamaze, sembuse mimi.