Gari Lililofunikwa Rubugo

Miaka ile ya Mwingereza, kahawa ilipopanda bei, wanaume wa kwetu Kagondo walishikwa na homa ya kununua. Mmoja alileta gramafoni akiwa hana sahani hata moja ya kupiga. Mwingine alinunua baiskeli mbili, ya kupanda na ya kutazama. Baba yangu, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa kutembea na mwavuli hata jua likiwaka, alikwenda Bukoba mjini kununua misumari akarudi na gari. Misumari aliisahau.

Lilikuwa gari dogo la buluu, lililokwisha kuwatumikia mabwana wawili wa Kizungu kabla yetu. Injini ilikuwa na kikohozi, na mlango mmoja ulifunguka kwa kupigwa ngumi. Lakini rangi! Ilikuwa imepulizwa upya, nawe ungeweza kuchania nywele mbele yake. Aliyemwuzia alimwonya kwamba rangi ile isikwaruzwe, isianikwe juani kutwa, na kama ni kulifunika gari, basi lifunikwe kwa kitu laini kinachopumua. Baba aliyashika maneno hayo kama katekisimu. Hata mezani, kabla ya kuonja mchuzi, utamsikia: "Laini, tena kipumue."

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaposwa na watu wa Muleba, na harusi ilikuwa karibu. Mchumba wangu hakuwa na neno, lakini alikuwa na shangazi. Shangazi huyo alisema mbele ya watu kwamba sisi wa Kagondo tuna maneno mengi kuliko migomba, na kwamba gari la baba yangu, kama kweli lipo, litafika Muleba likisukumwa na wapambe. Maneno yale yaliniingia mpaka kwenye mifupa. Nikaapa kwamba nitaingia Muleba ndani ya gari linalong'aa, na shangazi wa watu atajiju. Bwana harusi nilikuwa nimeshampata. Kilichobaki kuniumiza kichwa kilikuwa rangi ya gari.

Tatizo lilikuwa mahali pa kuliweka. Nyumba yetu ilikaa katikati ya kibanja, migomba na mibuni imeizunguka pande zote. Baba alitaka kukata migomba michache ajenge banda. Bibi, yaani mama yake Baba, alisimama mbele ya panga, kiko mdomoni.

"Migomba hii aliipanda baba yako," alisema. "Hilo gari lako litazaa mkungu lini?"

Baba akarudisha panga, gari likalala uwanjani mbele ya nyumba. Kuku wakahamia juu yake siku ile ile.

Basi tukaanza kutafuta kifuniko, na hapo ndipo nilipojua kwamba baba yangu hana akili nyingi kama nilivyodhani nikiwa mdogo. Alianza na majani mabichi ya mgomba. Mtu aliyezaliwa kibanjani, aliyekula ndizi tangu meno yalipoota, alisahau kwamba mgomba una utomvu! Tulipoyaondoa majani, boneti ilikuwa na michirizi ya kahawia kama gauni la mtoto aliyetumwa kumenya ndizi. Nilisugua kwa ndimu na kitambaa cha pamba huku nikimlaani kila mtu kimoyomoyo, na Baba nikamlaani kidogo kwa sauti.

Mama akashauri magunia ya kahawa. Baba akapitisha kiganja juu ya gunia moja, akauliza kama Mama ana nia ya kuliparua gari au kulifunika. Mama akasema kuanzia siku hiyo hana shauri tena, na kweli hakulitoa.

Mjomba wangu, aliyekuwa na mitumbwi kisiwani Goziba, aliposikia shida yetu akatuletea tanga kuukuu. Lilikuwa kubwa, laini kwa uzee, nami nilikaribia kulibusu. Lakini tanga lile lilikuwa limekaa na dagaa miaka yote. Jua lilipolipiga, harufu ikaenda kuwaita paka wote wa Kagondo na wengine ambao sidhani walikuwa wa Kagondo. Walilala juu ya gari, wakapigana juu ya gari, mmoja akazalia juu ya gari. Mjomba alichukizwa sana tulipomrudishia tanga lake. Alisema hajawahi kuona watu wanaosikiliza paka kuliko ndugu yao.

Ikabidi twende dukani Bukoba, Baba na mimi. Mwenye duka alitukunjulia turubai jeusi lililopakwa lami, akatuapia kwamba mvua ya Bukoba yote haiwezi kupita pale. Baba aliligusa, akanusa kidole, akakitazama. Kidole kilikuwa cheusi.

"Na jua je?" aliuliza.

"Jua pia halipiti, mzee."

"Sisemi kupita. Nasema hii lami ikipata joto itakwenda wapi?"

Mwenye duka akalikunja turubai lake. Tukarudi nyumbani mikono mitupu, na njiani mimi nikalia kwa hasira. Mvua ilikuwa imekatika, jua limeanza kuwa kali, na rangi ya paa la gari ilikuwa imeshaanza kufifia upande mmoja.

Bibi alinitazama nikifuta macho. Aliingia chumbani kwake, tukasikia sanduku linafunguliwa, akatoka amekumbatia rubugo yake.

Hapa lazima nieleze. Rubugo ni nguo ya gome la mti, iliyopondwa kwa nyundo mpaka ikalainika. Zamani watu walijifunga hiyo. Siku zile zetu ilikuwa imebaki ya kuzikia. Bibi alikuwa ameshajinunulia yake, pana, ya vipande vilivyoshonwa pamoja kwa ustadi, nyekundu kama udongo wa njiani. Aliwahi kuwaonyesha wanawake wote wa jirani, kama binti anavyoonyesha vyombo vyake vya harusi. Kila mtu Kagondo aliijua, na kila mtu alijua kwamba itatoka sandukuni mara moja tu.

Baba alirudi nyuma. "Mae, mama yangu, hiyo ni yako!"

"Ni yangu. Wewe si ulisema laini, tena kipumue? Hii ni laini, na inapumua kuliko mimi."

"Lakini Mae, hii ni ya..."

"Mimi sijafa. Gari ndilo linaloungua. Shika pembe hiyo."

Tukalifunika. Ilitosha kama iliyopimwa, kuanzia taa za mbele mpaka za nyuma. Nililala usingizi mtamu, wa kwanza tangu nichumbiwe.

Asubuhi wanawake waliokuwa wakienda kisimani walipita kando ya uwanja wetu. Wakaiona rubugo ya Bibi iko nje. Hawakuuliza inafanya nini huko, wala chini yake kuna nini. Waliweka mitungi chini, wakashika vichwa, wakapiga yowe. Yowe la kwanza likaita la pili. Wanaume waliokuwa wakipalilia wakaacha majembe, maana kwetu jirani akifa hakuna anayeshika jembe. Kufumba na kufumbua uwanja ulijaa watu, na Baba amesimama mlangoni na suruali ya kulalia, anapunga mikono. Kila aliyemwona alidhani ni uchungu, akamlilia zaidi.

Bibi mwenyewe alikuwa nyuma kibanjani akitafuta kuni. Aliposikia kilio kinatoka kwake, alizitupa kuni akaja mbio, mikono kichwani, analia kuliko wote. Akaketi chini katikati ya wanawake waliojifunika nyuso kwa kanga. Alilia vizuri, kwa sauti, kama adabu inavyotaka. Kisha akamwinamia jirani yake.

"Waitu, mwenzangu, tunamlilia nani?"

"Bibi wa nyumba hii," yule mama alijibu, uso umo ndani ya kanga.

Bibi akamsogelea zaidi. "Alikuwa mtu mwema?"

"Mwema sana! Ila mdomo."

"Mdomo ulikuwaje?"

"Hee, waitu, usiniulize. Mdomo ule ungeweza kumenya ndizi." Hapo yule mama akafunua uso ili azidi kueleza, akamwona anayemweleza. Sijapata kuona mtu mzito vile akikimbia vile. Aliruka mtungi, akaruka mbwa, akapotelea kwenye migomba, na nusu ya waombolezaji nyuma yake.

Tungecheka mpaka jioni, lakini habari mbaya haingoji nauli. Lori lililopita asubuhi kuelekea Muleba lilikuwa limeshaibeba. Alasiri, wakwe zangu wakashuka mbele ya kibanja chetu: mkwe wangu mwanamume na yule shangazi, na mikungu ya ndizi, na mbuzi wa msiba. Shangazi alikuwa amejifunga kanga kiunoni tayari kwa kulia. Alipomkuta Bibi ameketi mkekani akitafuna kahawa, alishindwa aifungue au abaki hivyo hivyo.

Hakukosa neno, hata hivyo. Alisema nyumba iliyopigiwa yowe ni nyumba ya msiba, awe amekufa mtu au hakufa, na harusi haiwezi kutoka hapo. Ingojee mavuno mengine ya kahawa. Mkwe wangu akakohoa kwa namna ya kukubali. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikisikia yote. Sitanii: nilijiona nimezeekea pale kibanjani, nikifuta gari.

Bibi aliwapa kahawa ya kutafuna, akaiacha ifike midomoni. Kisha akainuka, akaenda kwenye gari, akaivuta rubugo kwa mkono mmoja. Buluu ile ikawaka machoni mwa watu. Hapakuwa na alama ya kucha za paka wala doa la utomvu. Shangazi alilizunguka gari lote, akarudi mahali pake, akaketi, akaifungua kanga kiunoni.

"Maiti wenu ndiye huyo," Bibi alisema. "Kama mnaona anafaa kuzikwa, chimbeni. Kama hafai, mbuzi mliyemleta ni wa harusi, na achinjwe sasa, maana mbuzi wa msiba harudi alikotoka."

Mbuzi alichinjwa. Mkwe wangu alikula kwa moyo mmoja, na siku ya harusi haikusogezwa.

Siku yenyewe nilikuwa kichwa juu. Gari lilimeremeta, Baba alilitia moto likakubali mara ya kwanza, wapambe wakajibana nyuma. Bibi alikuja dirishani, rubugo imekunjwa kwapani. Kwetu bibi harusi hulia akiondoka, lakini mimi sikuwa na chozi. Nilikuwa naangalia kama kuna vumbi kwenye kioo.

"Mjukuu wangu," alisema polepole, "watu wamenililia nikiwa nasikia. Utamu wake siwezi kukueleza. Lakini wewe siku yangu ikifika utakuwa Muleba, habari itakukuta nimeshafukiwa. Nililie sasa."

Nilifungua mdomo nimcheke, kilio kikatoka. Nilimlilia kwa sauti, mbele ya watu wote, shela likalowa. Yeye alisimama pale ameshika dirisha, akasikiliza mpaka aliporidhika, kisha akamwambia Baba aondoe gari.