Jina la Nyumba ya Hrastić

Kule Turopolje kabaila hulima mwenyewe, na mikono yake ina sugu kama ya mtu mwingine yeyote. Mikula Hrastić alikuwa kabaila wa namna hiyo: ukoo mkubwa, shati la viraka. Mababu zake walilinda ngome ya mfalme, naye akawapa uhuru na ardhi. Wakajenga kwenye mialoni, wakaitwa watu wa mialoni, ndiyo maana ya Hrastić kwa lugha yao. Mikula aliisimulia habari hiyo hata kwa asiyeuliza. Kilichomnyima usingizi ni kwamba alijaliwa binti mmoja tu, Jaga. Akifa yeye, jina nalo limekwisha.

Jaga akaolewa na Blaž, mwana wa mfinyanzi, mchapakazi asiye na ukoo wa kujivunia. Blaž akahamia ukweni. Mwanamume wa hivyo huitwa kwa jina la nyumba, lakini mpaka majirani walitamke wenyewe, halilazimishwi. Na majirani waligoma. Jirani yao Imbro ndiye aliyekuwa kinara wa utani.

"We Chungu! Umeamkaje? Hujapasuka bado?"

"Bado, Mzee Imbro. Nilichomwa nikaiva."

Blaž alicheka, ila moyoni ilimuuma. Ukabaila hakuutaka, alimpenda mkwewe, na kumwona mzee akinywea kila aliposikia "Chungu" kulimtia simanzi. Basi akafanya kazi. Akaezeka paa upya, akapeleka nguruwe msituni kula matunda ya mialoni. Watoto wakazaliwa, nao wakaitwa watoto wa Chungu. Magoti ya Mikula yalipogoma kabisa, zizi na lango lake vikawa vya Blaž peke yake, na mtaa mzima ulijua.

Asubuhi moja ya vuli wakwe hao wawili walikuwa mezani, mkate na mafuta ya nguruwe mbele yao, wakasikia makelele uani.

"Hrastić! We Hrastić, huna akili? Nguruwe wako wamemaliza kabichi zangu! Lango unamwachia nani?"

Ilikuwa sauti ya Imbro, na hasira yake haikuwa ya mzaha.

"Baba, unaitwa," alisema Blaž.

Mikula hakuinuka. Machozi yalimlengalenga, naye anacheka.

"Mimi lango nimelishika lini? Hebu toka, mwanangu, ukatukanwe. Unaitwa wewe."