Kaburi Lililokaa Juu ya Makaa

Kavata aliletwa Kwa Ndeti akiwa bibi harusi mwaka wa sitini na nne, kutoka milima ya Kilungu, ambako ukitupa mbegu ya chungwa dirishani unaamka na kukuta mchungwa. Huku mashariki ya Kitui alikuta mawe, miiba na mume aitwaye Nzuki. Mawe aliyapanga yakawa matuta ya kuzuia maji shambani. Miiba akaifanya ua. Nzuki ndiye aliyemshinda. Alikwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini, akapata kazi pamoja na mke mwingine, na alipofariki yule mke akamzika huko huko. Kavata alilia kiasi cha heshima, kisha akarudi kwenye matuta yake maana mvua ilikuwa karibu.

Aliyekaa naye kwa muda mrefu zaidi alikuwa punda. Kaka yake alimnunua sokoni Mukuyuni, akamswaga kwa miguu mpaka Kitui, na Kavata akamwita Sajini kwa sababu alipenda kuwafokea watu na hakufanya kazi mpaka aheshimiwe. Karibu miaka ishirini Sajini alibeba maji kutoka visima vya mchangani mle mtoni. Majirani walimcheka Kavata kwa kumpikia punda uji.

"Mama Muthoki," walimwambia, maana ndivyo walivyomwita kwa jina la binti yake mkubwa, "shukrani ya punda ni mateke!"

"Hata Nzuki alikunywa uji wangu," alijibu, "na teke lake lilinifikia kutoka Mombasa."

Sajini alikufa katika ukame wa mwisho wa miaka ya tisini. Kwao punda akifa huburutwa porini, fisi wakafanya mazishi. Kavata hakuweza. Mnyama mwenyewe, kwa adabu ambayo hakuwahi kuionyesha akiwa hai, alikuwa amefia ukingoni mwa shimo la mbolea. Jumapili hiyo Kavata alituma salamu kanisani kwamba mgongo unamuuma, na watu wote walipokuwa kwenye ibada akamsukumia ndani kwa mti, akafukia, akapanga mawe juu. Kisha akaketi na kulia kuliko alivyomlilia mume, na hakuona haya.

Hapo ndipo yalipoingia makaa ya mawe. Watu wa serikali walikuwa wamekuja kutoboa ardhi wakitafuta maji, wakatoa mawe meusi. Maji wanakijiji walikuwa wameyaomba tangu uhuru bila kuona landrova hata moja. Mawe meusi, ambayo hakuna aliyeyaomba, yalileta landrova tatu.

Chifu akaitisha baraza. Bwana D.O. Mugo, afisa wa tarafa, mtu wa Nyeri mwenye sauti ya upole, alieleza kwamba mabwawa ya umeme yamekauka, Nairobi wanazimiwa stima kwa zamu, viwanda vinalia, na kwamba chini ya miguu yao kuna moto wa kuwasha nchi nzima. Vijana walipiga makofi, maana walisikia neno kazi. Wazee waliuliza moshi utaelekea wapi na ng'ombe watakunywa nini. Mmoja alitaka kujua kama makaa haya yanachoma nyama vizuri, akaambiwa aketi.

Kavata alisimama. "Bwana D.O., mimi nasoma Biblia na koroboi. Hao watu wa Nairobi wamekosa stima wiki hii, mimi nimeikosa tangu nizaliwe. Sasa ni mimi nitahama ndio wao wapate?"

"Mama, kila nyumba hapa itapata stima."

"Nyumba gani, na mtakuwa mmeibomoa?"

Baraza lilicheka, D.O. naye akacheka, lakini vijana wa kupima walikuja vilevile na vigingi vyao vyekundu. Walihesabu nyumba, wakahesabu miti. Walipofika kwa Kavata, mmoja akayaona yale mawe yaliyopangwa, akauliza ni nini. Kavata alikuwa amesikia kwamba mashine hazipendi makaburi, kwamba penye kaburi huzunguka, kwa sababu kumhamisha maiti ni kesi ndefu kuliko kumhamisha aliye hai.

"Kaburi," alisema.

"La nani?"

"La mama mkwe wangu." Neno lilimtoka kabla hajalionja. Kijana akavua kofia, akapigilia kigingi chenye kitambaa cheupe pembeni, na mstari wa vigingi vyekundu ukapinda kulikwepa shamba zima.

Habari ikaenea, na ikaongezwa chumvi kwamba kaburi lina fidia. Mwezi huo Kwa Ndeti ilipoteza watu wengi sana bila mtu yeyote kufa. Kila boma lilichipua kaburi, mengine mawili. Mchungaji Kisilu, ambaye hakuwa ameitwa kwenye mazishi hata moja, alihubiri juu ya ufufuo huku akiwakazia macho waumini, nao wakatazama viatu vyao.

Kavata alicheka mpaka Muthama alipokuja kumfunga mdomo.

Muthama alikuwa jirani aliyepakana naye upande wa chini, mtu mwenye machozi ya karibu na tamaa ndefu. Huko hati za mashamba hazikuwa zimetolewa bado, na kila Mkamba anajua kwamba mwenye ardhi ni yule ambaye wazee wake wamelala ndani yake. Nzuki alilala Mombasa. Kavata alikuwa na matuta na jasho tu. Muthama alikwenda kwa chifu, na siku ya baraza la pili akasimama na leso mkononi.

"Mama mkwe wa huyu mama amezikwa ng'ambo ya mto. Au ni uongo?"

Watu wakaitika kwamba si uongo. Nusu yao walikuwa wamekula nyama kwenye matanga yake.

"Basi pale ni nani amelala?" Sauti yake ikakatika. "Ni susu wangu, nyanya yangu mzaa baba, Syombua! Tulimzika pale nikiwa mdogo. Hilo shamba ni letu. Huyu mama alikuja akatupata na msiba, akalima juu yetu!"

Akalia. Alilia vizuri, na wanawake wawili wakaanza kumsaidia.

Kavata alipiga hesabu. Miaka thelathini na mitano ya mawe, jiwe juu ya jiwe, ilikuwa inaondoka kwa leso ya mtu mmoja. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia papo hapo, mbele ya mchungaji na kina mama wa kwaya aliyoiongoza.

"Mama," alisema D.O., "ni mama mkwe wako ama si yeye?"

"Si yeye. Nilidanganya." Mchungaji alifumba macho. Kavata akavuta pumzi aendelee kukiri yote, kisha akamwona Muthama akichungulia kwa jicho moja nyuma ya leso. Hasira ikampanda, na nyuma ya hasira, kama kawaida yake, utundu.

"Muthama, ndugu yangu, hebu tuambie. Huyo susu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mchapa kazi! Alibeba maji kutoka mtoni mpaka mgongo ukapinda."

"Ni kweli," alisema Kavata kwa huzuni. "Na sauti?"

"Akiita, watu walisikia mpaka sokoni."

"Ni kweli kabisa. Na mlimwimbia?"

"Tulimwimbia 'Bwana ni Mchungaji.' Mimi ndiye nilishika taa."

"Basi fukueni," alisema Kavata. "Akiwa ni Syombua, shamba lote ni lako na mimi narudi Kilungu kwa kaka yangu."

Muthama akakumbuka ghafla kwamba si vizuri kumsumbua marehemu. Lakini D.O. alikuwa amechoka na makaburi ya Kwa Ndeti. Baraza zima likaandamana mpaka shambani, mchungaji akaomba kwa ufupi sana, na wanaume wakachimba. Haukupita muda jembe likagonga kitu. Mzee mmoja akainama, akakipangusa kwa kidole, akakiinua juu watu wote wakione. Ilikuwa kwato.

"Muthama," aliuliza mzee kwa heshima, "susu wako alikuwa anavaa viatu vya aina hii?"

Watu walicheka wakashikana mabega. D.O. aligeuka kuangalia milima, mabega yakimtikisika.

"Anaitwa Sajini," alisema Kavata. "Ulisema mlimzika kwa wimbo. Mchukue kwako, umzike tena, na taa ushike."

Na kwa kuwa wazee walikubaliana kwamba aliyelia ndiye mwenye msiba, Muthama alibeba mifupa ya punda kwa gunia mpaka kwake, kwaya ikimsindikiza. Kabla ya jua kutua makaburi mengi ya kijiji yalikuwa yamesawazishwa na kupandwa kunde.

Lakini hayo yalikuja baadaye kidogo. Pale shimoni, kicheko kilipoisha, D.O. alijifuta macho na kusema kwa upole wake uleule, "Mama, shamba ni lako. Lakini sasa hapa hakuna kaburi. Mstari utanyooshwa, mashine zitapita."

Kijana wa kupima aling'oa kile kigingi chenye kitambaa cheupe. Kavata alikuwa amejua, tangu alipotamka neno fukueni, kwamba hiyo ndiyo ingekuwa bei.

Akaketi kwenye ukingo wa shimo, miguu ikining'inia ndani, akaangalia matuta yake yanavyoshuka mpaka mtoni. Alikuwa na uchungu na hakuuficha. Akachungulia chini, akalipima lile shimo kwa macho kuanzia upande hadi upande.

"Msilifukie," alisema. "Linanitosha. Waambie wenye mashine kaburi lipo. Mwenyewe bado anakunywa chai."

Hakuna aliyecheka. D.O. akamtazama kijana wa kupima, na kijana akarudisha kigingi mahali pake.