Bi Nukta na Mashine Iliyosemwa Imezeeka

Niseme mapema ili tusije tukalaumiana: mimi simwelezei Bi Nukta kwa upole, kwa sababu mimi si mpole. Mimi ni fundi cherehani. Nimegawana naye chumba kimoja mwaka wa kumi na tisa sasa, mimi upande wa dirisha, yeye upande wa mlango, na mtu akimgusa yeye kanigusa mimi. Kazi yake ni kuwachapia watu barua, maombi ya kazi na mitihani ya shule. Jina hilo walimpa wateja, maana karatasi yenye nukta moja pungufu haitoki mezani kwake hata mwenyewe alie.

Jumamosi moja mwanawe alikuja kumsalimia. Huyo ana kazi nzuri, ya ofisi yenye zulia, na ana ugonjwa wa kupanga vitu vya watu. Hata chai hakuimaliza. Meza ya mama yake ikasogezwa kutoka mlangoni hadi ukutani kwenye kiza, eti vumbi la barabarani. Ile sipiyu, yaani boksi lenyewe la kompyuta, akalichomoa waya, akaligeuza mgongo, akaniomba kalamu, akachokoachokoa vumbi kwa nyuma. Nikampa kalamu, ningejuaje? Akachomeka waya, akawasha. Pah! Ukatoka moshi na harufu ya plastiki iliyoungua.

Yule bwana hata hakushtuka. Alimshika mama yake bega akamwambia mashine imezeeka, na yeye pia amechoka, basi ajue kuwa huo ndio mwisho. Nyumbani kwake kuna chumba kinamsubiri, wajukuu wapo. Jumatano angekuja na gari dogo la mizigo kubeba kila kitu. Na alisema kwa upendo, jamani, ndiyo maana ilichoma.

Bi Nukta aliutazama ule moshi mpaka ukaisha. Kisha akasema, "Jumatano njoo. Utanikuta nimekaa hapa hapa, nachapa."

Mwanawe akacheka, akamwambia mashine ikiwa imepona hiyo Jumatano, hatalitaja tena suala la kufunga ofisi. Akaaga. Alipokwisha kupiga kona ndipo Bi Nukta alipokaa chini. Aliniambia mtoto wake anataka kumweka kwenye kochi kama mto. Mimi nilitaka kumkimbilia nimpe vidonge vyake pale pale barabarani. Bi Nukta akanizuia.

Jumatatu asubuhi tulivuka barabara hadi kwa fundi kompyuta wa ng'ambo. Kijana mwenye kujua mambo, na anayejua kwamba anajua. Alifungua boksi, akanusa, akasema pawa saplai imekufa, kile kidude cha chuma kinachoupokea umeme na kuugawa ndani. Akakichomoa bila hata kukitazama, akatupa jibu lile lile: uzee. Akatuwekea kwenye kaunta kingine kipya, cheusi, kinang'aa, feni yake inawaka taa za rangi. Kimeandikwa wati mia sita, na cha zamani kilikuwa na mia tatu tu. Mimi nilikuwa tayari kufungua mkoba. Mia sita jamani, mara mbili!

Bi Nukta akanyoosha mikono. Cha zamani akakishika kulia, kipya kushoto, akafumba macho. Huyu mwanamke ameshika karatasi maisha yake yote. Mpe rimu mbili atakuambia ipi ya gramu sabini na ipi ya themanini, na hakosei. Alisimama hivyo mpaka wateja wengine wakaanza kuulizana kama yuko salama.

Akamuuliza fundi mbona chenye nguvu mara mbili ni chepesi mara mbili. Fundi akasema teknolojia, mama, siku hizi vitu vimekuwa vyepesi. Bi Nukta akavaa miwani, akasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni, si herufi kubwa, zile ndogo za chini ambazo mimi hata nikilipwa sizisomi. Akakuta penye volti kumi na mbili, njia inayobeba kazi karibu yote, wameandika ampia kumi na sita. Akaomba kikokotoo, maana volti mara ampia ni wati, hilo alilijua kwa kuchapa mitihani ya shule.

"Kumi na mbili mara kumi na sita ni wati mia moja na tisini na mbili," alisema. "Na hizo nyingine mia nne, mwanangu, ziko kwenye taa?"

Fundi akanywea kidogo, halafu akapandisha mabega. Akasema mashine yenyewe ni ya kutupa, anunue tu laptopu akapumzike nyumbani. Hapo ndipo damu iliponichemka, mdomo wangu hauna breki. Nilimwambia hakuna aliyemuuliza umri wa mashine, na sisi hatukuja kuuziwa mapumziko. Tukabeba boksi letu na kidude chetu kilichokufa, tukampa kisogo.

Usiku ule sikulala vizuri. Kama Jumatano ingetukuta na boksi bubu, basi ofisi imekwisha, na mimi ningebaki peke yangu na cherehani yangu, nigombane na nani?

Jumanne tukaenda kwa mzee mmoja nyuma ya soko, muuza vipuri vilivyochomolewa kwenye mashine za maofisini. Boksi nililifunga kwa shuka nikalibeba mgongoni. Kabla ya kutoka nilikuwa nimepima tundu kinamokaa kile kidude kwa futi yangu ya kushonea, kama ninavyompima mteja: upana sentimita kumi na tano, kimo nane na nusu, kina kumi na nne. Mwili wa kawaida kabisa, hauna shida ya kupata nguo.

Yule mzee hakuwa na maneno mengi. Alituonyesha rafu akasema tuchague. Bi Nukta akanyanyua kimoja kimoja, akanusa matundu ya feni, akavirudisha. Cha saba kilikuwa cha kijivu, kimekwaruzika, wati mia tatu na hamsini tu, kizito kama tofali. Akasoma herufi ndogo, akakokotoa, akatikisa kichwa kukubali. Nikakiweka futi. Kikaenea.

Mzee alipochukua kile kilichokufa ili alinganishe plagi, akakigeuza, akakisogeza karibu na mwanga. Kwa nyuma kulikuwa na kiswichi chekundu kilichozama ndani, ambacho kidole hakikifikii, labda ncha ya kalamu.

"Nani amekisogeza hiki?" aliuliza. "Umeme wetu ni volti mia mbili thelathini. Hiki kimewekwa mia moja kumi na tano. Ukiwasha hivyo, kinalipuka papo hapo."

Mimi na Bi Nukta tukatazamana. Kalamu yangu! Nikafungua mdomo nimtaje mwenye dhambi, na mwanamke huyu akanikanyaga mguu kwa kisigino. Alimwomba mzee afunge kile cha kijivu, ambacho hakina kiswichi, kinajipangia umeme chenyewe. Kikawaka. Akakaa mbele yake saa nzima, kiganja kwenye feni, akisubiri joto baya au harufu, wala havikuja. Alipoondoka alidai arudishiwe na kile kilichokufa. Mzee akashangaa cha nini, akampa.

Jumatano saa nne gari likasimama mlangoni, mwanawe akashuka na wapagazi wawili. Alimkuta mama yake kule ukutani anachapa, na wateja watatu kwenye benchi. Akasita. Akampongeza, kisha akaanza upya: itakufa tena, Mama, uzee ni uzee, tuwe wakweli.

Bi Nukta alimaliza sentensi yake, akaweka nukta. Akachukua kile kidude kilichoungua akakiweka mezani, kiswichi chekundu kikimtazama mwanawe, na kando yake akaweka kalamu yangu.

"Hii haikufa kwa uzee," alisema. "Ilikuwa nzima. Wewe uliisogeza hapa, ikafa, ukasema imezeeka."

Mwanawe aliisoma namba ya kwenye kiswichi, mia moja kumi na tano. Ni msomi, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Sikujua, Mama."

"Najua hukujua. Na mimi pia ulinitazama vivyo hivyo."

Nakwambia hata wateja waliacha kupepea karatasi. Mwanawe akauliza taratibu afanye nini na gari na wapagazi ambao ameshawalipa.

Mama yake akamwambia wairudishe meza yake mlangoni. Wakaibeba watu watatu, mwanawe mwenyewe akishika pembe moja na suti yake vile vile. Ilipokaa mahali pake, Bi Nukta akaweka kile kidude juu ya karatasi zake ili zisipeperuke, upande mwekundu ukiangalia barabara anakotokea mwanawe. Kisha akaita mteja wa kwanza.