Etiketi Isiyosema Kilichomo

Daktari wa hospitali ya mgodi alimwambia baba jambo moja tu: aache sukari. Baba aliacha. Chai aliinywa chungu huku amekunja uso, na soda akawa anawasukumia wageni. Bia hakuiacha. "Hii iko buchungu," alimwambia mama. "Sukari itatoka wapi?"

Mama hakushawishika. Alikuwa mtu asiyepika hata samaki mkavu bila kumnusa kwanza. Mimi ndiye binti pekee wa nyumba ile aliyefika sekondari, kwa hiyo chupa ililetwa kwangu nisome, niseme ndani muna nini.

Nilisoma. Jina la bia, picha ya mnyama, ujazo, jina la mji wetu, na ombi la kurudisha chupa. Basi. Mama hakuamini. Aliiloweka chupa kwenye beseni, akaibandua etiketi taratibu na kuigeuza, labda maneno yaliandikwa upande wa gundi. Palikuwa na gundi tu. Mpaka leo nikiikumbuka karatasi ile iliyolowa kiganjani mwake, napandwa na hasira. Redioni serikali ilitupangia namna ya kuvaa na namna ya kuitana "citoyen", yaani raia, lakini kutuambia tunakunywa nini ilikuwa kazi ngumu mno!

Kila mtu katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi alikuwa na etiketi yake kichwani. Jirani yetu aliyetoka kujifungua alikunywa bia nyeusi, eti inaongeza damu na maziwa. Wenzake baba wa kwenye tanuru la shaba waliapa kwamba bia inaondoa vumbi kifuani. Mwenye baa alisema povu likiwa jeupe bia haina madhara. Mama aliwasikiliza wote, akarudi nyumbani hajui hili wala lile. Wakati huo kidonda kilikuwa kimefunguka kwenye kidole gumba cha mguu wa baba, na hakikutaka kufunga.

Ndipo akaamua: mume wake hatakunywa tena kitu ambacho yeye hakukitengeneza kwa mikono yake. Akamtengenezea munkoyo. Alipika uji mwembamba wa mahindi, akaupoza, akatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, ile inayouzwa sokoni mafungumafungu, akauacha ulale. Unga, maji, mizizi. "Mi sina etiketi," alisema, "lakini najua byote biko mu hii chungu."

Baba aliupenda. Aliacha bia bila ugomvi, na nyumba nzima tukapumua. Alikunywa munkoyo kabla ya kwenda kazini, akanywa tena akirudi. Kiu yake haikuisha. Mama alidhani ni joto la tanuru, akawa anamwongezea.

Kidole kikawa cheusi. Tulimpeleka hospitali tukimshika huku na huku, na daktari akauliza anakunywa nini.

"Munkoyo, docteur," mama alijibu. "Paka munkoyo, hakuna kitu ingine."

"Iko tamu?"

"Iko tamu sana. Lakini sikutiaka sukari, hata kidogo!"

Daktari alivua miwani. Alieleza polepole kwamba mizizi ile ndiyo inayogeuza mahindi kuwa sukari, humo humo chunguni, bila mtu kutia kitu. Mama alimtazama kama hajasikia. Kisha akakaa sakafuni palepale, akalia kwa sauti. Nilikuwa nimesomeshwa Kifaransa, hesabu na majina ya mito, na hilo sikulijua. Nilitamani ardhi inimeze.

Mguu ulikatwa chini ya goti.

Baba aliporudi nyumbani hakumlaumu mama wala hakufoka. Heri angefoka. Alikaa kwenye kiti chake, akaomba maji. Mama akamletea kikombe, akapiga magoti.

"Ndani muko nini?" baba aliuliza.

"Maji, baba ya batoto. Paka maji."

Kwetu, anayemkaribisha mgeni pombe huonja kwanza mbele yake, mgeni aone kwamba haina sumu. Mke hamwonjei mume wake. Baba hakunyoosha mkono. Alisubiri, macho kwenye kikombe, mpaka mama akaelewa. Alikunywa funda moja, maji yakimdondokea kwenye kitenge, kisha akampa.